Kidato cha Kwanza: nimpimeje Hisabati mwanafunzi ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga?

Mwalimu wa Mkondo B (Singida)

Walimu wenzangu, heshima kwenu. Ninafundisha Hisabati Kidato cha Kwanza katika shule ya kata mkoani Singida. Wanafunzi wangu karibu wote wametoka katika shule za msingi za Serikali, ambako walisoma Hisabati kwa Kiswahili miaka saba na kuifanyia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili hichohicho, kisha mwezi wa kwanza wakaingia katika darasa ambamo kitabu, ubao na jaribio vyote ni vya Kiingereza. Kozi ya awali ya Kiingereza tuliwapa kama shule nyingine zinavyofanya, lakini wiki zile chache ziliwafundisha kusalimia, kujitambulisha na kuomba ruhusa ya kutoka nje kuliko zilivyowafundisha kusoma swali la hesabu.

Nimesahihisha jaribio la kwanza na nimebaki na mashaka juu ya alama nilizoziandika mwenyewe. Swali mojawapo lilisema: "Subtract the smallest prime number greater than 20 from the product of 12 and 9." Nusu ya darasa waliliacha wazi, na wengine walijumlisha 12 na 9 kisha wakatoa 20. Siku iliyofuata niliwauliza kwa mdomo watafute zao la 12 na 9, halafu watoe namba tasa ndogo kuliko zote iliyozidi 20, na sehemu kubwa ya wale walioacha wazi wakapata 85 bila taabu. Wapo hata hivyo waliokosa tena, safari hii kwa Kiswahili, kwa sababu hawajui namba tasa ni nini. Katika daftari la alama makundi hayo mawili yamepata sifuri ileile.

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, jaribio litungweje ili lioneshe nani amekwama kwenye hesabu na nani amekwama kwenye lugha? Pili, je, ni halali nikiandika maswali kwa lugha mbili? Mwalimu wa taaluma wa shule yetu anasema lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na kwamba nikiwazoesha Kiswahili nitawaharibu.

Kipeuo (Morogoro)

Mwalimu, umekwisha kuona jambo ambalo wengi wetu hulikalia kimya, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Kabla ya kutunga swali lolote, amua jaribio ni la kazi gani. Ikiwa unataka kujua uanzie wapi kufundisha mwezi huu, basi unachopima ni hisabati, na kila neno la Kiingereza ambalo mtoto hajawahi kufundishwa linaingia katika kipimo chako kama kosa ambalo si lake. Ikiwa unataka kujua kama ataweza kukaa katika Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, basi Kiingereza cha karatasi ile ni sehemu ya kinachopimwa, upende usipende. Kazi hizo mbili hazifanywi na karatasi moja. Walimu wengi hutunga karatasi ya kazi ya pili, kisha wakasoma matokeo yake kana kwamba ni ya kazi ya kwanza, na hapo ndipo mtoto aliyekuja na alama nzuri kutoka darasa la saba anapoitwa mzito.

Katika kutafuta mtoto amekwama wapi, mimi hutumia utaratibu ulioelezwa mwaka 1977 na Anne Newman wa Australia. Yeye anasema kwamba anayejibu swali la maelezo hupita hatua tano kwa kufuatana: kulisoma, kulielewa, kuligeuza kuwa hesabu, kukokotoa, na kuandika jibu kama lilivyotakiwa. Anayeanguka katika hatua ya pili hana nafasi ya kukuonesha uwezo wake katika hatua ya nne. Unamketisha mwanafunzi mbele ya swali alilokosa na kumwomba akusomee, akwambie anaulizwa nini, akueleze atafanyaje, afanye huku akisema anachokifanya, kisha aandike jibu. Kwa watoto wetu nimeongeza jambo moja tu: kusoma anasoma kwa Kiingereza, lakini kuanzia hatua ya pili anajibu kwa lugha aitakayo.

Nikupe mfano. Niliwahi kutoa swali hili: "A trader bought 20 trays of eggs at 7,500 shillings per tray. Each tray holds 30 eggs. Fifteen eggs broke and the remaining eggs were sold at 300 shillings each. Find the profit." Mwanafunzi mmoja aliandika 145,500. Ukiitazama namba hiyo peke yake utasema huyu hajui faida ni kitu gani. Lakini hatua zake zilikuwa zimeandikwa: 20 mara 7,500 ni 150,000; 15 mara 300 ni 4,500; akatoa. Alipoketi nami alisoma swali lote kwa matamshi mazuri kabisa, kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa na kasoro. Nilipomwuliza mayai kumi na tano yalifanywa nini, alijibu kwamba yaliuzwa kwa shilingi mia tatu kila moja. Neno "broke" hakulijua, "remaining" hakulijua, na akiwa mtoto mwerevu alijaza pengo kwa jambo ambalo kwa kawaida hufanywa kwa mayai ya biashara. Nilimwambia tu kwamba yale kumi na tano yalivunjika. Akanyamaza kidogo, akaandika mayai 600, akatoa 15, akapata 585, akazidisha kwa 300 akapata 175,500, akatoa mtaji, na faida ya 25,500 ikasimama pale karatasini bila mimi kusema neno jingine.

Mtoto huyo hahitaji kufundishwa upya faida na hasara. Jirani yake, aliyeandika 150,000 na kuishia hapo, alipoulizwa kwa Kiswahili hakujua mayai yaliyobaki yanapatikanaje. Huyo ndiye mwenye haja ya somo.

Katika kutunga, tenganisha maneno ya somo na maneno ya pembeni. Maneno kama "perimeter", "ratio", "prime number" na "simplify" ni mali ya somo lenyewe. Usiyaondoe, bali yafundishe, uyapime waziwazi na uyabandike ukutani pamoja na mzingo, uwiano, namba tasa na rahisisha ambazo watoto tayari wanazijua. Maneno ya pembeni ndiyo ya kupunguzwa: sentensi ndefu zenye vishazi vitatu, kauli za kutendwa zisizo na sababu, na mandhari ambazo mtoto wa Singida hana habari nazo. Jamal Abedi na Carol Lord walilichunguza jambo hili kwa wanafunzi wa darasa la nane nchini Marekani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 walionesha kwamba maswali yaleyale ya hisabati, yakiandikwa kwa Kiingereza chepesi bila kugusa hesabu yake, yaliongeza alama kwa kiasi kidogo lakini cha kweli. Usitarajie miujiza, basi. Wepesi wa lugha haumfundishi mtu sehemu na desimali.

Tazama swali hili la kutunga: "Determine the sum of money which was shared between two brothers in the ratio 3:5, given that 24,000 shillings was received by the younger." Lirahisishe: "Two brothers shared some money. The younger got 3 parts. The older got 5 parts. The younger got 24,000 shillings. How much money did they share?" Hesabu ni ileile na jibu ni 64,000. Ila ukilirahisisha ndipo unapogundua kwamba la kwanza halikusema sehemu tatu ni za nani, na kwamba mwanafunzi ambaye angejibu 38,400 hangekuwa na kosa lolote. Urahisishaji humsaidia mtungaji kabla haujamfikia mtoto.

Msahihishaji Mstaafu (Dar es Salaam)

Vijana wangu, nimewasoma wote wawili kwa makini, na sina ugomvi na nia yenu. Ninachoomba ni kwamba tusije tukaipa lugha mzigo wote.

Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa somo lenye ufaulu wa chini sana katika mtihani wa Kidato cha Nne, kiasi kwamba kati ya watahiniwa kumi wanaofaulu huwa hawafiki watatu. Masomo mengine nayo yanafanyiwa mtihani kwa Kiingereza hichohicho, tena Historia na Jiografia zina maneno mengi zaidi, na ufaulu wake haushuki hivyo. Kama Kiingereza ndicho kisa chote, mbona kinaiumiza zaidi karatasi yenye maneno machache? Mimi nimeona kwa macho yangu maswali yasiyo na neno hata moja, robo tatu kujumlisha moja ya tano imeandikwa kwa tarakimu tupu, na mtahiniwa akaandika nne ya tisa. Hapo hakuna lugha ya kusingizia. Darasa la saba walifanya mtihani ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu, na kuchagua jibu hakukuoneshi mtoto amelifikia kwa njia gani. Alama nzuri aliyokuja nayo mwanafunzi wako si lazima iwe ushahidi wa hisabati anayoijua.

Pili, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika toleo lake la kwanza, ilizitaja lugha zote mbili kuwa za kufundishia, hilo ni kweli, na mwalimu wako wa taaluma angefanya vema kuisoma. Lakini mitihani ya sekondari imebaki ya Kiingereza, na mtoto atakayeizoea karatasi ya lugha mbili atakutana na ya lugha moja siku ambayo hakuna wa kumfasiria.

Sisemi haya kwa kuipuuza lugha. Ripoti ya watafiti Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilikwisha kusema kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari hakitoshi kuwawezesha kujifunza masomo mengine, na waliofundisha wakati ule walilijua hilo hata kabla ya ripoti. Ninachosema ni kwamba weka katika jaribio lako sehemu ya maswali ya namba tupu, yasiyohitaji lugha zaidi ya neno moja la amri. Anayeyakosa hayo, mrudishie hisabati ya darasa la tano bila kutafuta kisingizio. Anayeyapata hayo na kukosa ya maelezo, huyo ndiye wa kumketisha chini kama Kipeuo alivyoeleza.

Na jambo la mwisho, ambalo watoto hawaambiwi vya kutosha: karatasi ya Basic Mathematics inaagiza hatua zote za kukokotoa zioneshwe, na hatua zina alama zake. Mtahiniwa anayeandika hatua kwa alama za kihisabati hahitaji kuandika insha ya Kiingereza. Wengi huacha swali wazi kwa sababu wameogopa sentensi, ilhali walijua kuanza.

Mkufunzi wa Lubumbashi (Louisville, Kentucky)

Nawasalimu walimu wote wa Tanzania. Nilifundisha hisabati Lubumbashi kwa Kifaransa, na sasa ninasaidia katika darasa la hisabati hapa Marekani, kwenye shule yenye watoto wengi wa Kongo waliokuja kama wakimbizi. Swali la Mwalimu wa Mkondo B ndilo swali la kila wiki huku kwetu, ila limevaa nguo nyingine.

Sheria ya shirikisho ya elimu ya mwaka 2015 inaruhusu mtoto aliyefika nchini hivi karibuni asamehewe mara moja mtihani wa kusoma Kiingereza, lakini mtihani wa hisabati lazima aufanye hata kama hajamaliza mwaka. Walioiandika sheria walidhani, nafikiri, kwamba namba hazina lugha. Mtoto anapewa muda wa ziada, mara nyingine anasomewa maswali kwa sauti, au anapewa orodha ya maneno kwa lugha mbili. Na hapo kwenye orodha ndipo penye jambo ninalotaka kuwaambia.

Shule ilipoona katika fomu kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili, ilitafuta orodha ya maneno ya hisabati kwa Kiswahili na kuwagawia watoto. Haikuwasaidia hata kidogo. Mtoto aliyekulia katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma anasema Kiswahili asubuhi hadi jioni, lakini shule za Wakongo kambini hufuata mtaala wa Kongo, na hisabati ya madarasa ya juu ameisoma kwa Kifaransa. Ukimwandikia "kigawe kidogo cha shirika" atakutazama tu. Ukimwandikia PPCM, kifupisho cha Kifaransa cha jambo hilohilo, anaanza kukokotoa. Lugha anayoota nayo mtoto na lugha aliyojifunzia sehemu na vigawo huenda zisiwe moja, kwa hiyo usimwulize anasema lugha gani nyumbani. Mwulize mwalimu wake wa mwisho alimfundisha hesabu kwa lugha gani, na hadi darasa la ngapi.

Kuna pia yale ambayo hayaonekani kuwa lugha. Watoto wetu huandika 3,5 pale ambapo Mmarekani anaandika 3.5, na kompyuta ya mtihani inalikataa jibu sahihi. Kugawanya kwa kirefu tulikokufundisha sisi huweka kigawanyo upande wa kulia, jibu chini yake. Mwalimu wa hapa akiona karatasi hiyo anadhani mtoto amegeuza namba. Nimewahi kuona mtoto aliyegawanya 1,134 kwa 18 sawasawa, akapata 63, na akaandikiwa kwamba hajui kugawanya kwa sababu mpangilio wake ulikuwa mgeni kwa msahihishaji. Mtoto yuleyule akawekwa katika kundi la kurudia hesabu za darasa la nne kwa muhula mzima. Wapo vilevile waliokosa shule miaka kadhaa kwa ajili ya vita, na hao hisabati yenyewe haipo katika lugha yoyote. Ukiwachanganya na wa kwanza, unawaumiza wote.

Kwa hiyo nakubaliana na Mzee Msahihishaji kuhusu maswali ya namba tupu. Ila mzee wangu, hata namba tupu ina lafudhi yake.

Mwalimu wa Mkondo B (Singida)

Nawashukuru sana. Mzee Msahihishaji, shikamoo. Hoja yako ya nne ya tisa imenigusa, kwa sababu nimerudi kwenye karatasi na kuikuta kwa wanafunzi wasiopungua kumi, baadhi yao wakiwa walewale niliokuwa nawatetea kwamba tatizo lao ni Kiingereza.

Nimebaki na ugumu wa utekelezaji. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sabini, na mikondo ni miwili. Siwezi kumketisha kila mmoja mbele ya swali la mayai. Je, ninawachaguaje wa kuwahoji? Na shule haina mashine ya kudurufu inayofanya kazi, kwa hiyo karatasi mbili kwa kila mwanafunzi ni ndoto.

Kipeuo (Morogoro)

Usiwahoji wote. Tunga maswali machache kwa jozi: kila hesabu iwepo mara mbili, mara ya kwanza kwa namba tupu, mara ya pili ndani ya maelezo, namba zikiwa zimebadilishwa kidogo ili wasinakili. Sahau utaratibu wa kuziweka jozi karibukaribu; swali la pili la kila jozi lifike baada ya mengine matano au sita. Kisha wagawe kwa mtazamo wa haraka. Waliopata yote mawili waache waendelee. Waliokosa yote mawili wana haja ya hisabati, na kwao mahojiano hayana kipya cha kukuambia mwanzoni. Waliopata la namba wakakosa la maelezo ndio wa kuwahoji, na katika darasa la sabini huwa hawazidi ishirini. Wawili au watatu kila siku baada ya vipindi wanatosha. Utashangaa pia kukuta wachache waliopata la maelezo wakakosa la namba tupu. Hao mara nyingi wanajua biashara ya nyumbani kuliko alama za kihisabati, na ni watoto wa kuwatunza.

Kuhusu muda, nakushauri uwape wa kutosha. Anayesoma kwa lugha anayojifunza husoma sentensi mara mbili au tatu, na ukimpa dakika arobaini kwa maswali ishirini unapima kasi ya kusoma.

Maalim wa Unguja

Assalamu alaykum. Sisi Zanzibar tuna uzoefu wetu katika jambo hili, kwa kuwa Sera ya Elimu ya 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Nia ilikuwa kumwondolea mtoto mshtuko huo anaoueleza Mwalimu wa Mkondo B. Nilichokiona darasani ni kwamba mshtuko haukuondoka, ulihama tu kutoka sekondari kwenda kwa mtoto wa miaka kumi na moja, tena mbele ya mwalimu ambaye Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha kubahatisha. Baadhi ya wanafunzi walinifikia wakiwa na maneno ya sehemu kwa Kiswahili, maneno ya aljebra kwa Kiingereza, na jometri nusu kwa nusu.

Kwa watoto wa namna hiyo kumpa mmoja karatasi ya Kiswahili na mwingine ya Kiingereza hakuna maana, kwani hakuna karatasi moja inayomtosha. Mimi huandika swali kwa lugha zote mbili, bega kwa bega, naye huchukua neno alijualo kutoka upande wowote. Tena namwachia ajibu kwa lugha yoyote au kwa namba tu, maana kumpa swali kwa Kiswahili na kumdai jibu kwa Kiingereza ni kumfungulia mlango na kumfungia dirisha.

Kwa ukosefu wa mashine ya kudurufu, ubao unatosha. Gawa ubao kwa mstari wa wima, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, maswali matatu matatu. Lakini jihadhari na maswali ya saa. Niliwahi kuandika kushoto kwamba somo linaanza "8:40 a.m." na kulia kwamba linaanza saa 2:40 asubuhi, na darasa zima likavurugika: namba mbili tofauti, swali moja, na wengine wakaitoa 2:40 katika 8:40 wakidhani ndiyo hesabu inayotakiwa. Tangu hapo maswali ya saa nayaandika kwa Kiingereza tu, baada ya kuwa nimelifundisha jambo hilo la saa lenyewe kama somo.

Msahihishaji Mstaafu (Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu wa Singida. Nawe Maalim, ubao wako wa mstari wa wima nimeupenda, na Mkufunzi wa Lubumbashi amenipa la kufikiri kuhusu ile koma.

Sijaondoka katika msimamo wangu kwamba karatasi ya mwisho ya mwaka iwe ya Kiingereza pekee, ila naona njia ya kufika huko bila kumwonea mtoto. Muhula wa kwanza ubao uwe wa pande mbili. Baada ya likizo ya mwezi wa sita, upande wa kulia ubaki na maneno magumu tu badala ya swali zima, na kila mada mpya ianze kwa kuyaandika maneno hayo daftarini. Ikifika mwezi wa tisa, upande wa kulia uwe mtupu kwa wanaoweza, na kwa wale ishirini wa Kipeuo uendelee kwa kadiri mahojiano yatakavyokuonesha.

Na katika daftari lako la alama chora safu mbili kwa kila jaribio: moja ya maswali ya namba tupu, nyingine ya maswali ya maelezo. Mwalimu wa taaluma atataka jumla, mpe jumla. Ila mzazi akija shuleni kuuliza kwa nini mwanawe ameshuka, mfungulie zile safu mbili umwoneshe, kwa sababu mzazi wa safu ya kwanza na mzazi wa safu ya pili wana kazi tofauti ya kufanya na mtoto wao jioni.